TEKNOLOJIA: Jinsi seva inavyopimwa kabla ya umati kuizidi nguvu

Na MWANDISHI WETU

MKAZI wa Kitui au Makueni anayetafuta cheti cha kuzaliwa, leseni ya udereva au nafasi ya mwanawe katika chuo kikuu, siku hizi huelekezwa kwanza kwenye mtandao.

Iwapo hana simu inayofaa, hulazimika kuabiri matatu kutoka kijijini hadi mjini Kitui, Mwingi au Wote, akamlipe mhudumu wa saiba amjazie fomu. Tovuti ikikwama siku hiyo, nauli hairudishwi.

Kwa sababu hiyo, swali la iwapo seva inaweza kuhimili watu wengi kwa wakati mmoja si la wahandisi wa Nairobi pekee. Ni swali la nauli, la siku ya kazi iliyopotea na, mara nyingine, la tarehe ya mwisho iliyompita mtu akiwa angali kwenye foleni.

Kulingana na sensa ya 2019, Kitui ilikuwa na watu 1,136,187 na Makueni watu 987,653. Hata sehemu ndogo tu ya watu hao wakiingia katika tovuti moja asubuhi moja, mtambo ulioandaliwa kwa ajili ya siku za kawaida unaweza kulemewa.

Makala haya yanaeleza jinsi seva inavyopimwa kabla ya siku hiyo kuwadia, programu zinazotumiwa, na maswali ambayo mwananchi anayelipa ushuru ana haki ya kuyauliza.

MFANO WA KISIMA

Wenyeji wa Ukambani wanajua kwamba kisima kirefu hakikabidhiwi wanakijiji siku ile ile maji yanapoonekana.

Baada ya kuchimba, mafundi hufunga pampu na kuyavuta maji mfululizo, mara nyingi kwa saa 24. Wakati huo wote hupima ni lita ngapi zinazotoka kila saa na maji yanashuka kiasi gani kisimani. Pampu ikizimwa, hupima pia yanachukua muda gani kurejea kimo chake cha awali.

Kisima kinachotoa maji mengi kwa dakika kumi za kwanza chaweza kukauka saa ya tano. Asiyekipima kwa muda mrefu hulijua hilo baada ya akina mama kupanga foleni na mitungi yao.

Seva hupimwa vivyo hivyo. Ni tarakilishi kama nyingine, isipokuwa kazi yake ni kungoja maombi kutoka kwa simu na tarakilishi za watu, kuyashughulikia na kurudisha majibu. Badala ya maji, linalovutwa ni majibu.

Mipaka yake mikuu ni minne: kasi ya kichakato chake, ukubwa wa kumbukumbu yake ya muda, nafasi katika diski na upana wa njia ya mtandao inayoiunganisha na ulimwengu. Kimojawapo kikijaa, vingine vitatu haviwezi kuiokoa.

USIKU WA MACHI 4, 2013

Wakenya wana kumbukumbu ya mtambo uliofikia kikomo chake hadharani. Mnamo Machi 4, 2013, wananchi walipiga kura katika uchaguzi mkuu wa kwanza chini ya Katiba ya 2010, uchaguzi uliozipa pia Kitui na Makueni magavana wao wa kwanza.

Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC) ilikuwa imepanga kwamba maafisa wa vituo watume matokeo ya muda kwa simu hadi katika seva, nayo yaonyeshwe kwenye skrini kubwa katika ukumbi wa Bomas of Kenya, Nairobi.

Matokeo yalianza kuingia kwa kasi jioni hiyo, kisha yakapungua na hatimaye kukwama. Maafisa wa tume walieleza kwamba mtambo ulikuwa umezidiwa. Tume ililazimika kuacha njia ya kielektroniki na kujumlisha kura kutoka katika fomu za karatasi zilizoletwa na maafisa wa maeneobunge. Matokeo ya mwisho yalitangazwa Machi 9.

Kulikuwa na kasoro nyingine. Idadi ya kura zilizokataliwa ilionekana kubwa kupita kiasi, na aliyekuwa mwenyekiti wa tume, Isaack Hassan, akaeleza kwamba hitilafu katika programu ilikuwa ikiizidisha mara nane.

Kasoro hizo mbili ni za aina tofauti, na jaribio lililo kamili lazima lizitafute zote. Ya kwanza ni ya uwezo: je, mtambo utabeba mzigo wote? Ya pili ni ya usahihi: je, majibu unayoyatoa ukiwa umebeba mzigo huo ni ya kweli? Mtambo waweza kujibu upesi na bado ukajibu uongo.

Miaka minne baadaye, katika uchaguzi wa Agosti 8, 2017, suala la njia lilijitokeza waziwazi. Siku chache kabla ya kura, IEBC ilitangaza kwamba vituo 11,155 kati ya 40,883 havikuwa na mtandao wa 3G au 4G, hivyo maafisa wangelazimika kusogea hadi mahali penye mawasiliano ndipo watume matokeo.

Kufikia uchaguzi wa Agosti 9, 2022, hali ilikuwa imebadilika. Mnamo Juni mwaka huo tume ilifanya zoezi la wazi la kutuma matokeo ya majaribio. Kura halisi zilipohesabiwa, picha za Fomu 34A kutoka vituoni ziliwekwa kwenye tovuti ambayo mtu yeyote angeweza kuifungua, na nyingi zilikuwa zimefika ndani ya siku mbili za kwanza.

Ubishi wa kisiasa haukukosekana, nao ulifika Mahakama ya Juu. Hata hivyo, tovuti yenyewe iliendelea kufunguka huku raia, wanahabari na vyama wakipakua fomu hizo kwa maelfu.

UMATI WA KUTENGENEZWA

Mtu hawezi kuwaomba wakazi elfu kumi wa Kitui wabonyeze simu zao kwa pamoja ili apime seva. Ndiyo sababu wahandisi hutumia programu zinazouiga umati.

Nyingi za programu hizi hazina picha wala vitufe vya kubofya. Mhandisi hufungua dirisha jeusi, huandika mstari mmoja wa amri na kubonyeza kitufe cha kuingiza. Faida yake ni kwamba mstari huo huo waweza kurudiwa kesho na kesho kutwa bila kubadilika hata herufi moja, na matokeo yakalinganishwa kwa haki.

Programu moja maarufu ni iperf3, inayotolewa bila malipo na kusimamiwa na wataalamu wa maabara ya Lawrence Berkeley nchini Marekani. Kazi yake ni kuipima njia baina ya tarakilishi mbili.

Katika tarakilishi ya kwanza mhandisi huandika iperf3 -s, na tarakilishi hiyo hukaa ikisubiri. Katika ya pili huandika iperf3 -c 192.168.1.10 -t 30 -P 10. Maana yake ni: iendee tarakilishi yenye anwani hiyo, uijaze data kwa sekunde 30, ukitumia mikondo 10 kwa wakati mmoja.

Muda huo ukiisha, skrini huonyesha ni megabiti ngapi zilizopita kila sekunde. Kwa kuongeza maagizo mengine, mhandisi huweza pia kuona ni pakiti ngapi za data zilizopotea njiani na jinsi muda wa kuwasili kwake ulivyoyumbayumba.

Programu ya pili ni ApacheBench, ambayo huandamana na programu mashuhuri ya seva iitwayo Apache. Hii haipimi njia pekee, bali huiuliza seva maswali. Amri ab -n 1000 -c 50 ikifuatwa na anwani ya ukurasa, humaanisha: omba ukurasa huu mara 1,000, maombi 50 yakiwa yanangoja jibu kwa wakati mmoja.

Jibu lake hutaja maombi yaliyohudumiwa kila sekunde, yaliyoshindikana, na muda ambao kila kundi la waombaji lilisubiri.

Tofauti ya programu hizi mbili ni kama tofauti ya kuipima barabara ya kwenda sokoni na kumpima mwenye duka. Barabara yaweza kuwa pana na mwenye duka akawa mzito. Yaweza pia kuwa kinyume.

HESABU YA ASUBUHI MOJA

Tuchukue mfano wa kubuni. Kaunti imetangaza kwamba maombi ya basari yatapokelewa mtandaoni kuanzia saa mbili asubuhi. Watu 6,000 wanaingia katika saa ya kwanza, na kila mmoja anafungua kurasa sita.

Hizo ni kurasa 36,000 katika sekunde 3,600, yaani kurasa 10 kila sekunde. Mwanakandarasi huweza kuonyesha hesabu hiyo na kusema kwamba seva inayohudumia kurasa 50 kwa sekunde inatosha mara tano.

Lakini watu hawaji kwa mpangilio huo. Iwapo nusu ya kurasa hizo zitaombwa katika dakika tano za kwanza, kwa kuwa kila mzazi anahofia pesa zitaisha, hizo ni kurasa 18,000 katika sekunde 300. Sasa ni kurasa 60 kila sekunde.

Seva inahudumia 50. Kila sekunde inayopita, maombi 10 yanabaki nyuma. Baada ya dakika tano, maombi 3,000 yamo foleni, na anayefika wakati huo atasubiri dakika nzima kabla ya ukurasa wake kufunguka.

Kwa kawaida hasubiri. Hubonyeza tena, na tena. Kila mbonyezo ni ombi jipya, nalo huongeza foleni ile ile inayomkera. Hivi ndivyo tovuti iliyokuwa nzito kidogo saa mbili na dakika mbili inavyoweza kuwa imezimika kabisa ifikapo saa mbili na robo.

Tuitazame sasa njia. Iwapo kila ukurasa una uzito wa kilobaiti 500, kurasa 60 kwa sekunde ni megabaiti 30, sawa na megabiti 240 kila sekunde. Ikiwa seva hiyo imeunganishwa kwa njia ya megabiti 100, hata kununua mtambo wenye nguvu maradufu hakutasaidia lolote.

Dawa ya bei nafuu zaidi katika hali hiyo yaweza kuwa kuondoa picha kubwa ya kiongozi iliyowekwa juu ya ukurasa.

Elimu hii ya foleni si ngeni. Mwaka 1909 mwanahisabati wa Denmark, Agner Krarup Erlang, alichapisha utafiti kuhusu simu zinazoingia katika kituo cha kuunganishia simu. Kazi yake ndiyo msingi wa hesabu za foleni hadi leo.

Katika hesabu iliyo rahisi zaidi ya foleni, penye mhudumu mmoja na wateja wanaofika bila mpangilio, mhudumu akiwa na shughuli kwa asilimia 50 ya muda wake, mteja hutumia mara mbili ya muda wa huduma yenyewe. Ikifika asilimia 80, hutumia mara tano. Ikifika asilimia 90, mara kumi.

Kwa maneno mengine, seva haisubiri ijae ndipo iwatese watu. Mateso huanza mapema, na ndiyo maana wahandisi huiachia nafasi ya kupumulia.

WASTANI HUDANGANYA

Ripoti za majaribio hupenda kutaja muda wa wastani. Msomaji anapaswa kuwa mwangalifu na neno hilo.

Iwapo watu 95 kati ya 100 walijibiwa kwa sekunde moja na watano waliobaki wakasubiri sekunde 30, wastani ni chini ya sekunde mbili na nusu. Karatasini hali inaonekana njema. Lakini wale watano wamekaa nusu dakika wakitazama skrini tupu, na huenda wakawa ndio walio mbali zaidi na mlingoti wa simu.

Hapa ndipo jiografia ya Kitui na Makueni inapoingia. Nyaya za mawasiliano zinazotoka Mombasa, ambako mikonga ya chini ya bahari ilianza kutia nanga mwaka 2009, hupitia Makueni zikielekea Nairobi, zikifuata barabara kuu kupitia Mtito Andei, Kibwezi, Makindu na Emali.

Hata hivyo, data kupita karibu na kijiji si sawa na data kukifikia kijiji hicho. Katika vilima vya Mbooni na Kilungu, au nyuma ya safu za Mutitu, simu moja yaweza kuwa na mawimbi upande huu wa kilima na kuyakosa upande wa pili.

Jaribio linalofanywa na mhandisi aliyeketi Nairobi katika chumba kimoja na seva halimgusi mtu huyo. Jaribio la haki hufanywa pia kutoka Tseikuru, Mutomo au Kathonzweni, kwa simu ya bei nafuu na kwa laini ya kawaida.

Aidha, ApacheBench huomba ukurasa mmoja tu, tena bila kuzileta picha zilizomo, wala haijazi fomu kama mtu afanyavyo. Kwa hiyo jaribio kamili huhitaji pia programu nyingine zinazoiga safari nzima ya mwombaji: kuingia kwa nenosiri, kutafuta jina, kuambatisha cheti, kulipa na kupata risiti.

Na kama ilivyo kwa kisima, muda ni muhimu. Jaribio la dakika tano halitaonyesha diski inayojaa polepole wala kumbukumbu inayovuja. Mtambo unaotarajiwa kufanya kazi usiku kucha hauna budi kujaribiwa usiku kucha.

JARIBIO NA SHAMBULIO

Kuna jambo ambalo kijana yeyote mwenye tarakilishi anapaswa kulielewa kabla ya kuandika amri hizi. Kuitumia seva yako maelfu ya maombi ni jaribio. Kuitumia seva ya mwingine maombi hayo bila idhini ni shambulio, hata kama programu ni ile ile na nia ni udadisi tu.

Julai 2023 Wakenya walilionja shambulio la aina hiyo. Huduma za eCitizen, jukwaa ambalo serikali ilikuwa imetangaza lina huduma zaidi ya 5,000, zilitatizika kwa siku kadhaa. Waziri wa Habari na Mawasiliano wakati huo, Eliud Owalo, alieleza kwamba wahusika walijaribu kuusonga mtambo kwa kuutumia maombi mengi kupita kiasi, na akasema hakuna data iliyopotea.

Kundi lililojiita Anonymous Sudan lilidai kuhusika. Oktoba 2024, waendesha mashtaka nchini Marekani walitangaza mashtaka dhidi ya ndugu wawili raia wa Sudan wanaodaiwa kuliendesha kundi hilo.

Sheria ya Kenya ya Matumizi Mabaya ya Tarakilishi na Uhalifu wa Mtandaoni, iliyopitishwa 2018, inamtoza anayeingilia mtambo bila idhini faini isiyozidi Sh10 milioni au kifungo kisichozidi miaka mitano, au adhabu zote mbili. Madhara yakiwa makubwa, adhabu huongezeka.

Kwa hiyo, kabla ya jaribio lolote, pawepo idhini ya maandishi kutoka kwa mwenye seva na kwa kampuni inayomkodishia mahali pa kuiweka. Idhini hiyo itaje siku, saa, kiwango cha juu cha mzigo na mtu wa kupigiwa simu iwapo mambo yataharibika.

Mwanafunzi anayetaka kujifunza hahitaji seva ya serikali. Tarakilishi mbili na waya mmoja, katika maabara ya shule au ya chuo kama South Eastern Kenya kilichoko Kwa Vonza, Kitui, zinamtosha. Ataona njia ikijaa na seva ikilemewa bila kumdhuru mtu yeyote, na bila hata kuunganishwa na intaneti.

MASWALI YA KAMATI

Makueni imesifika kwa kuwashirikisha wananchi katika miradi ya kaunti. Kamati za wakazi hukagua zahanati, barabara au mradi wa maji kabla ya mwanakandarasi kulipwa. Wanakamati huhesabu mabati, hupima kuta na kufungua mifereji waone kama maji yanatoka.

Mtambo wa tarakilishi hauna ukuta wa kupimwa kwa kamba, na ni rahisi kuupokea kwa kutazama ukurasa wake wa kwanza ukifunguka vizuri katika chumba cha mikutano. Lakini kamati yoyote, ya kijiji au ya bunge la kaunti, yaweza kuuliza maswali matano bila kuwa na shahada ya uhandisi.

La kwanza, ni watu wangapi mnaowatarajia katika dakika tano zenye shughuli nyingi zaidi, si katika siku nzima? La pili, mtambo ulijaribiwa kwa mzigo gani, na kwa saa ngapi mfululizo?

La tatu, kati ya kila waombaji 100, wale watano wa mwisho walisubiri kwa muda gani? La nne, jaribio lilifanywa kutoka wapi, na je, majibu yalilinganishwa na hesabu ya karatasi?

La tano, mtambo ukikwama, mwananchi aliye kaunta ya Huduma Centre mjini Kitui au Wote atahudumiwa kwa njia gani siku hiyo hiyo, na tarehe yake ya mwisho itaongezwa?

Majibu ya maswali hayo yanapaswa kuwa katika ripoti iliyotiwa sahihi, yenye tarehe na amri zilizotumika, ili mtaalamu mwingine aweze kurudia jaribio lile lile na kuona kama atapata matokeo yale yale.

Mwanakandarasi asiye na ripoti hiyo ni sawa na mchimba kisima anayedai malipo kabla ya pampu kuwashwa. Wakazi wa Ukambani wamechimba visima vya kutosha kujua la kumjibu.